Mlango wa Nyuma: Trela la Tone na Watu Walilolirekebisha, Marekani 1930–1960

Insha hii inahusu kitu kimoja kidogo: mlango wa nyuma wa trela la kulalia ambalo Wamarekani wengi walijitengenezea nyumbani kuanzia miaka ya 1930. Trela hilo huitwa kwa umbo lake, tone la chozi. Mbele ni mviringo mnene, nyuma linateremka na kusinyaa. Ndani mna godoro la watu wawili na nafasi ya kukaa, si ya kusimama. Jiko halimo ndani. Liko nyuma kabisa, na mpishi husimama nje, kwenye nyasi au vumbi. Ili kulifikia jiko unainua mlango uliopinda, ulioshikwa na bawaba kwenye paa, kama unavyoinua buti ya gari dogo. Mlango ukiwa juu ni paa la mpishi. Ukiwa chini ni mkia wa tone.

Sisi tunaosoma Historia pamoja na Kiswahili tumezoea kusimuliwa teknolojia kwa majina ya wavumbuzi: Watt na mvuke, Edison na taa, Ford na magari. Mmoja anavumbua, wengine wanatumia. Hoja yangu ni kwamba mlango huu unasimulia kinyume chake. Mchoro wake ulikuwa mstari mmoja uliopinda, lakini mstari huo haukukubalika jinsi ulivyo na mbao, wala na mvua, wala na mtu aliyesimama chini yake akikaanga mayai. Kwa hiyo ulirekebishwa, trela baada ya trela, na marekebisho hayo ni chanzo cha historia sawa na karatasi yoyote iliyohifadhiwa katika nyaraka.

Nianze na tone lenyewe, kwa sababu halikutoka kambini. Lilitoka angani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wahandisi waliofanya kazi na ndege na mapuya makubwa ya Zeppelin, akiwemo Paul Jaray, walionyesha kwamba kitu chenye kichwa kinene na mkia mrefu hupita hewani kwa urahisi kuliko sanduku. Mwaka 1932 mbunifu Norman Bel Geddes alichapisha kitabu chake *Horizons*, ambamo magari na meli zilichorwa kama matone. Mwaka 1934 kampuni ya Chrysler ikatoa gari la Airflow, lenye mgongo wa mviringo, nalo halikuuzika vizuri. Mwishoni mwa 1935 ndege ya DC-3 iliruka kwa mara ya kwanza. Kwa Mmarekani wa miaka hiyo, umbo la tone lilikuwa sura ya kesho. Nadhani hapa tunapaswa kukumbuka kwamba ilikuwa ni miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza 1929. Mtu asiyeweza kununua kesho alijaribu kuijenga kwenye ua wa nyumba yake, kwa msumeno na gundi.

Jambo la pili ni plaiwudi. Kabla ya 1934 plaiwudi haikufaa kukaa nje. Gundi yake ilikuwa inaachia ikilowa. Mwaka huo James Nevin wa kampuni ya Harbor Plywood, huko Aberdeen katika jimbo la Washington, alitengeneza gundi isiyoharibiwa na maji. Tangu hapo fundi wa kawaida angeweza kununua kipande kipana, chepesi, kinachopinda, na kukiacha mvuani. Kipimo cha kipande hicho kilikuwa futi 4 kwa 8, kipimo kilekile ambacho duka la vifaa vya ujenzi hapa kwetu Uganda litakuuzia leo. Ukichukua vipande viwili vya 4 kwa 8 ukavisimamisha, una kuta mbili za trela la tone. Ukiweka kimoja chini, una sakafu. Urefu wa futi 8 na kimo cha futi 4 si matokeo ya hesabu ya hewa. Ni matokeo ya kiwanda cha mbao.

Jambo la tatu ni jiko la nyuma, na hili ni la zamani kuliko magari. Mwaka 1866 mfugaji Charles Goodnight wa Texas alichukua gari la kukokotwa lililobaki jeshini baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akalifunga kabati la mbao nyuma yake. Kabati lilikuwa na droo za unga, kahawa, maharagwe na vyombo, na mfuniko wake ulishuka kwa bawaba ukawa meza ya mpishi wa wachunga ng'ombe. Sina haja ya kudai kwamba waliojenga matrela ya tone walimwiga Goodnight. Ninachoona ni kwamba tatizo lilikuwa lilelile, kumlisha mtu aliye safarini, na jibu likawekwa mahali palepale, mkiani. Tofauti iko kwenye bawaba. Mfuniko wa Goodnight ulifunguka kwenda chini ukawa meza. Mlango wa trela ulifunguka kwenda juu ukawa paa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoleta taabu yote nitakayoieleza.

Mambo haya matatu, yaani mtindo wa tone, kipimo cha plaiwudi na jiko la mkiani, yanakutana mlangoni, na hayapatani.

Mkia wa tone la kweli ni mwembamba. Lakini jiko linataka kabati, rafu, mahali pa kuweka jiko la mafuta na sufuria. Ukifuata tone unapata rafu moja tu na kona isiyofaa kitu. Ndiyo maana matrela mengi yaliyojengwa yana mgongo mnene kuliko mchoro wa mhandisi wa ndege. Fundi alisukuma mstari nje ili kabati liingie. Kwa bahati, hewa yenyewe haikuchukizwa sana: katika miaka ileile ya 1930 Wunibald Kamm huko Stuttgart alionyesha kwamba mkia wa gari unaweza kukatwa ghafla bila hasara kubwa. Sidhani mtu aliyekuwa akijenga trela nyuma ya nyumba yake alimsoma Kamm. Alikuwa anatafuta mahali pa kuweka sufuria.

Halafu kuna swali la bawaba ikae wapi. Ukiiweka mbele zaidi, karibu na katikati ya paa, mlango unakuwa mrefu na ukiinuliwa unakupa kivuli kikubwa na kimo cha kutosha. Lakini hapo paa ni tambarare, maji yanasimama juu ya mshono, na yakipenya yanaanguka juu ya miguu ya waliolala. Ukiiweka nyuma, pale paa linapoanza kuteremka, maji yanakimbia yenyewe, ila mlango unakuwa mfupi na mpishi mrefu anagonga kichwa. Mchoro hauonyeshi mvua wala kichwa. Leo wanaokarabati matrela ya miaka ya 1940 hukuta mara nyingi kwamba mbao iliyooza kwanza ni ile boriti ya chini ya bawaba.

Tatizo la mwisho ndilo gumu zaidi, nami sikulielewa kwa kusoma. Mjomba wangu ni fundi wa bodi za magari mjini Jinja. Kazi alijifunzia Kisumu, kwa hiyo karakanani kwake Kiswahili ndicho kinachosikika. Nilimpelekea mchoro wa trela la tone wa aina iliyochapishwa katika majarida ya ufundi ya Marekani, nikamweleza mlango wa nyuma. Aliutazama kwa muda, akaweka kidole kwenye mstari wa mkia.

"Mpwa wangu," akasema, "aliyechora hapa hakulala na huu mlango mpaka asubuhi."

Nilimwomba aeleze, akaona afadhali kuonyesha. Tulitengeneza mlango peke yake, bila trela, wenye kimo cha sentimita 90 hivi. Tulikata mbavu kutoka plaiwudi nene, kila ubavu ukiwa na upana wa sentimita 5, zikifuata mkunjo wa mchoro sawasawa. Juu yake tukapinda plaiwudi nyembamba ya milimita 3, tukaipaka gundi na kuifunga kwa skrubu na mikanda ya kufungia mizigo. Kufika jioni mlango ulikaa juu ya mchoro bila kupotoka. Wapita njia waliuliza tunajenga nini, na mjomba akawajibu kwamba ni mlango wa nyumba ambayo haipo.

Asubuhi, gundi ilipokauka, tulifungua mikanda. Mlango ukapumua. Ukingo wa chini ulisogea nje ukaacha nafasi ya vidole viwili kati yake na mstari wa mchoro. Plaiwudi iliyopindwa hutaka kurudi ilivyokuwa. Paani mwa trela haiwezi, kwa sababu imeshikwa na kuta zilizosimama hadi sakafuni, na ukuta haukubali kusogea. Mlango hauna ukuta. Una mbavu zake tu, na mbavu za sentimita 5 zinakubali kusogea. Kwa hiyo mlango uliokatwa kwa uaminifu kufuata mchoro lazima utofautiane na mchoro. Anayetaka mkunjo ule ni lazima akate mkunjo mwingine, mkali zaidi, kisha aache mbao irudi hadi pale anapotaka. Mafundi wa Marekani wanaojenga matrela haya wanalijua hilo, na wengi hukata mbavu za mlango kwa mkunjo mkali kuliko wa ukuta.

Lakini vipi kama mlango umeshajengwa? Hapo ndipo marekebisho yanapoanza, na hapo ndipo yanapoacha alama. Mjomba aliugeuza mlango, akapiga msumeno mikato mitatu katika kila ubavu, upande wa ndani wa mkunjo, yenye kina cha theluthi mbili ya ubavu. Upana wa kila mkato ulikuwa ule wa msumeno, kama milimita moja na nusu. Akafunga mikanda tena na kuivuta polepole, akiilegeza na kuikaza. Mikato ikafumba, na ukingo wa chini ukarudi ndani kwa karibu sentimita 4, yaani kupita mstari kidogo. Hilo la kupita lilikusudiwa. Ubavuni, juu ya mikato, tukagandisha vipande vya mbao ili isifunguke tena. Baada ya siku mbili akapigilia plaiwudi ya pili upande wa ndani, ili mlango uwe kama sanduku lenye ngozi mbili. Sanduku halipindiki kirahisi kama ngozi moja. Tulipofungua mikanda mara ya pili nafasi iliyobaki ilikuwa unene wa sarafu, na mpira wa kuzuia maji unaweza kuimaliza.

Nimeeleza kazi hii kwa urefu kwa sababu ya kile inachobakiza. Mtu akiufungua mlango ule baada ya miaka 70 atakuta mikato mitatu, vipande vya kuunga, na alama za penseli za mjomba. Atajua kwamba mlango ulifunguka, kwamba mwenyewe aliona nafasi ile, kwamba haikumridhisha, na kwamba alikuwa na msumeno na mikanda lakini hakuwa na mbao ya kuanza upya. Hakuna jarida linaloweza kumweleza hayo.

Nani basi aliona nafasi ile kwanza? Majarida ya ufundi kama *Popular Mechanics* na *Mechanix Illustrated* yalizungumza na mwanamume mwenye karakana. Picha za matangazo ya baada ya vita zinaonyesha mara nyingi mwanamke akiwa chini ya mlango ulioinuliwa, anamimina kahawa, anatabasamu, na hali ya hewa ni nzuri. Mchoraji na seremala wana sauti katika vyanzo vyetu. Anayepika hana. Lakini mlango ukipanuliwa, bawaba ikisogezwa, mkono wa kuushikilia juu ukirefushwa kwa kiganja kimoja, mtu fulani alilalamika. Inawezekana seremala mwenyewe ndiye aliyegonga kichwa. Hata hivyo, ninaona ni haki kusoma marekebisho ya jikoni kama maneno ya aliyetumia jiko hadi tupate ushahidi wa kupinga.

Kuna mtu mwingine ambaye mchoro haukumfikiria. Jiko la nje linadhani kwamba mpishi anaweza kusimama kando ya barabara jioni, mgongo wake ukielekea giza, bila hofu. Kwa Wamarekani Weusi wa miaka hiyo hilo halikuwa la kudhania. Hoteli nyingi ziliwafungia milango, na familia zilisafiri na chakula na mablanketi ndani ya gari ili zisilazimike kusimama mahali zisipotakiwa. Kuanzia 1936 Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta aliyeishi Harlem, New York, alichapisha mwongozo wa mahali ambapo msafiri Mweusi angepokelewa. Trela lenye kitanda chake lingeonekana kuwa jibu zuri, lakini trela linahitaji mahali pa kuegeshwa, na viwanja vya kambi navyo vilibaguliwa. Katika hifadhi ya Shenandoah, Virginia, eneo la Lewis Mountain lilifunguliwa 1939 kwa ajili ya Weusi peke yao. Sheria ya kupiga marufuku ubaguzi hotelini ilikuja 1964. Tunaposoma kwamba trela la tone lilimpa Mmarekani uhuru wa barabara, inafaa tuulize Mmarekani gani angeweza kuufungua mlango wa nyuma popote jua lilipomzamia.

Vita vya pili vilibadili vifaa. Baada ya 1945 bidhaa za jeshi zilizobaki ziliuzwa kwa bei ya chini, na trela likavikwa alumini, baadhi yake ikitoka kwenye mabawa ya ndege za mabomu, na kufungwa magurudumu ya jipu. Goodnight naye alianza na gari la jeshi. Ni ajabu kidogo kwamba jiko la safari la Marekani limejengwa mara mbili kutokana na masalia ya vita. Alumini ilizuia maji vizuri kuliko rangi, lakini kwa mlango ilileta shida mpya. Plaiwudi iliyofunguka unaweza kuikata na kuivuta. Alumini iliyopigwa misumari juu ya mkunjo usio sahihi inajikunja na kufanya mawimbi ukijaribu kuirudisha, kwa hiyo lazima uivue kwanza, na tundu za misumari ya zamani hubaki pembeni ya zile mpya. Safu mbili za tundu kwenye ukingo wa mlango ni ushahidi mwingine wa kazi ya pili.

Mnamo 1956 Marekani ilipitisha sheria ya barabara kuu za kuunganisha majimbo, magari yakawa na nguvu zaidi, na watu wakataka trela ambalo unaweza kusimama ndani yake ukipika. Matrela ya tone yalihamia nyuma ya maghala. Lililoingia kwenye kumbukumbu ni trela la kiwandani. Hata sisi wa Afrika Mashariki tuliliona: kati ya 1959 na 1960 Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, aliongoza msafara wa matrela 41 yanayong'aa kutoka Cape Town hadi Cairo, ukipita pande hizi kabla ya kufika Ethiopia kwa Haile Selassie. Msafara ule ulipigwa picha kila uliposimama. Byam mwenyewe alikuwa ameanza kwa kujenga trela nyumbani na kuuza michoro, jambo ambalo picha zile za fedha zinatufanya tulisahau.

Tangu miaka ya 1990 matrela ya tone yamependwa upya, na yale ya zamani yanatolewa maghalani kukarabatiwa. Kwa mwanahistoria hii ni habari njema yenye hatari ndani yake. Mkarabati anapokuta mlango wa nyuma wenye mikato, vipande vya kuunga na safu mbili za tundu, mara nyingi huona uchafu wa fundi asiyejua kazi. Anautupa, anakata mlango mpya kwa kufuata mchoro wa jarida, na trela linarudi kuwa jinsi lilivyochorwa, ambavyo pengine halikuwahi kuwa hata siku moja. Ningependa kabla ya kuutupa apime mambo manne: umbali wa bawaba kutoka mbele, kimo cha ukingo wa mlango ukiwa umeinuliwa, tofauti kati ya mkunjo wa ubavu na mkunjo wa ukuta, na idadi ya mikato. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na tepu ya fundi inatosha.